Kidonge na mazungumzo si majogoo wa kupiganishwa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka 11 bila kukusumbua, lakini ripoti ya Jumapili kuhusu tiba ya uraibu wa pombe imenishinda. Mwandishi wako amewapiganisha daktari na mshauri nasaha, kisha akatangaza kwamba kidonge kimeshinda.

Utafiti wa Marekani wa 2006 alioutaja, ule wa watu 1,383, kweli ulionyesha naltreksoni, kidonge chenyewe cha kupunguza hamu ya pombe, inasaidia hata pasipo unasihi wa kina. Ila hakuna aliyetupiwa pakiti akaambiwa nenda. Waliopewa dawa walipangiwa kuonana na mhudumu wa afya mara tisa ndani ya wiki 16, wakiulizwa wanameza vipi na wanakunywa kiasi gani. Hilo halikupata hata mstari.

Mimi ni mnywaji niliyeacha. Siku niliyoandikiwa naltreksoni, daktari hakuinua macho: kimoja kwa siku, mwingine aingie. Dawa ilifanya kazi yake. Pombe ilipoteza utamu, glasi ya tatu ikawa haina maana. Ndiyo sababu kila Ijumaa na Jumamosi nilikiruka kidonge makusudi, ili pombe inoge! Nani aliniuliza kuhusu Ijumaa? Mwezi wa pili nikaingia kwa mshauri, korido ileile, mlango wa jirani. Yeye aliuliza siku ya kwanza tu: kiu inakujia saa ngapi, ukiwa na nani? Nikajua nimefika. Kisha akaona pakiti mfukoni, akaniamuru niitupe, eti nimebadilisha kilevi kimoja kwa kingine. (Naltreksoni hailevyi wala haina uraibu, mfamasia alinicheka nilipomuuliza, ila nilimuuliza nikiwa nimeshachelewa.) Nikatupa. Wiki tatu baadaye mke wangu aliniokota sakafuni. Wataalamu wawili, mgonjwa mmoja, ukuta mmoja, na hakuna aliyewahi kumbishia mwenzake hodi.

Halafu ile picha! Kila mkiandika habari hizi mnamweka mtu kalala mtaroni kakumbatia chupa. Nilikunywa miaka 19 nikiwa na tai shingoni, na kazini sikukosa hata siku moja. Mke wangu akisema nina tatizo, namfunulia gazeti lenu: walevi ndio hawa.

Pendekezo langu ni ule ukuta ubomolewe. Nyundo nitakuja nayo. Ikishindikana, wapewe faili moja na kalamu moja, wapokezane. Nanyi mkitaka picha ya mlevi, tai yangu bado ninayo.

Mnywaji mstaafu