Barua kwa rafiki anayetaka kuacha tela

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kidogo kwa sababu juzi nimelala usiku kucha kwenye kiti cha basi. Nilikuahidi kwamba nitakujibu nikitulia. Unataka kuacha kuvuta tela uje huku kwetu, kwenye kazi ya kufikisha malori ya watu. Nitaanza na jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu.

Hesabu ya kazi hii iko kwenye safari ya kurudi. Wewe sasa hivi ukishusha mzigo bado una gari lako, kitanda chako kiko nyuma ya kiti, unasubiri mzigo mwingine. Huku kwetu gari ndilo mzigo. Ukishakabidhi ufunguo na mwenyewe akasaini karatasi, umebaki na begi lako mkononi. Mimi hali hiyo ilinikuta mara ya kwanza Kansas City, hapa hapa Marekani. Nilikuwa nimechukua lori jipya Laredo, Texas, pale mpakani ambapo malori mengi yaliyoundwa Mexico huingilia, nikapanda nalo barabara kuu ya I-35 zaidi ya maili 900. Maili zote hizo nililipwa. Nilipogeuza, nauli ilitoka mfukoni mwangu, na mchana na usiku niliokaa ndani ya basi haukulipwa na mtu yeyote. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu, nikagawa malipo kwa siku nilizokuwa nje. Nilinyamaza muda mrefu.

Kwa hiyo ndugu yangu, wakikutajia bei ya maili moja, usishangilie. Uliza dizeli ni ya nani, ushuru wa barabara ni wa nani, nauli ya kurudi ni ya nani. Kila kampuni ina utaratibu wake, na tofauti ni kubwa. Uliza pia kama wana malori ya kuchukua karibu na pale unapoachia la kwanza, maana ukipata la pili mji huo huo au mji wa jirani, hapo ndipo kazi inalipa kweli. Wapo wenzetu wanaofunga gari dogo la kwao nyuma ya lori, wakishakabidhi wanalipanda na kugeuza siku hiyo hiyo. Kampuni nyingine zinaruhusu, nyingine hazitaki hata kusikia.

Na wengi wetu si waajiriwa. Mwisho wa mwaka unapewa fomu 1099, ile ya kodi inayoonyesha malipo ya mtu aliyejiajiri, na hakuna aliyekukatia kodi hata senti. Kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3, kabla hujafika kwenye kodi ya mapato. Kila nikilipwa natenga fungu hilo kwanza, sehemu ambayo siwezi kuifikia kirahisi.

Sasa habari ya uendeshaji, maana najua utadhani kichwa kitupu ni mchezo. Si mchezo. Wewe umezoea uzito wa tela nyuma. Kichwa bila tela ni chepesi kule nyuma, tairi hazishiki lami vizuri, na ukikanyaga breki kwenye mvua utaona kinavyoruka na kuteleza. Kinachukua nafasi ndefu kusimama kuliko unavyotarajia. Lori la boksi likiwa tupu nalo lina taabu yake: upepo wa Wyoming kwenye I-80 unalisukuma kama tanga. Siku upepo ukiwa mkali mimi huegesha, na aliyenituma anipigie simu atakavyo.

Kuna kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote, ile ya malori yanayopandana. Unaendesha la mbele. La pili limenyanyuliwa ekseli ya mbele na kufungwa juu ya chasisi ya la kwanza, pale pale ambapo tela lingekaa, na la tatu limelilalia la pili vivyo hivyo. Sheria inataka yanayobebwa namna hiyo yasizidi matatu, na urefu wote usizidi futi 97. Maana yake unaweza kuwa na malori manne na dereva mmoja. Msafara kama huo haurudi nyuma. Ukiingia kituo cha mafuta kisicho na njia ya kutokea mbele, umekwama hapo hadi uje usaidiwe. Ndiyo maana usiku wa kuamkia safari mimi hukaa na ramani ya setilaiti, nikitazama kila kituo nitakachoingia na nitatokea wapi.

Saa za kazi ni zile zile: 11 za kuendesha ndani ya 14 tangu uanze kazi, kisha 10 za kupumzika. Kwa kuwa lori lenyewe ndilo mzigo, kanuni inaturuhusu kuandika saa kwenye karatasi badala ya kifaa cha kielektroniki. Nakusihi usije ukaitumia karatasi hiyo kujiongezea saa. Mengi ya malori haya hayana hata kitanda, kwa hiyo gharama ya hoteli iingize kwenye hesabu yako.

Jambo la picha nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Niliwahi kuchukua lori lililotumika, lililokaa uani miezi mingi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikapiga picha tatu za haraka nikaondoka. Nilipofika, wakaonyesha ufa kwenye bampa, upande ambao sikuupiga. Ufa ulikuwepo, nina hakika, lakini sikuwa na ushahidi, na malipo yangu yakakatwa. Tangu siku hiyo napiga pande zote, chini, kioo, odometa, geji ya mafuta na ya DEF (ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli), na kila tairi. Malori yaliyolala muda mrefu yakague kwa subira zaidi: hewa ya breki, waipa, na kina cha kashata za tairi za mbele kisipungue 4/32 ya inchi. Tiketi ya polisi haitamfuata mwenye lori.

Tazama pia leseni yako. Kama mtihani uliufanya kwa gari la otomatiki, ina alama E, na malori ya gia za mkono hutaruhusiwa kuyagusa.

Umeniuliza kwa nini basi bado niko huku. Mwezi uliopita nilimpelekea mtu lori lake la kwanza, alilonunua mwenyewe baada ya miaka ya kuendesha ya wengine. Hakuukimbilia ufunguo. Aliniuliza linapandaje mlima, breki zake zinasikikaje, usukani unavuta upande gani. Nilikuwa nimekaa nalo siku mbili, nikamweleza yote niliyoyasikia humo. Tulisimama pale karibu saa nzima, halafu akanipeleka mwenyewe kituo cha basi kwa lori hilo hilo.

Jumatatu nashuka tena Laredo. Ukipewa mkataba, nitumie picha za kurasa zote kabla hujasaini, tuusome pamoja kwenye simu jioni.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Rafiki yako wa siku zote