Ada pekee haimtoshi mwanafunzi wa teknolojia ya habari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wanafunzi wa kipato cha chini wanaosomea shahada za teknolojia ya habari, ambao hata wakilipiwa ada huachwa wajitafutie mengine yote. Somo la kuandika programu halikaririwi. Mwanafunzi hulielewa kwa kuandika msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, kuona umegoma, kutafuta kosa, pengine nukta mkato moja iliyosahauliwa, na kurudia hadi ukubali. Asiye na kompyuta hutegemea maabara, na ikifungwa jioni mazoezi yake hukomea hapo, ilhali mwenzake huendelea chumbani hadi usiku wa manane. Hata aliyepata kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 hukwama anapotakiwa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, na mhadhiri huenda akadhani ni mvivu.

Baadhi ya tiba hazina gharama kubwa. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na Python, lugha ya kuandikia programu, zote zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hupatikana bure. Vyuo vikubali kazi zilizofanywa kwa zana za aina hiyo badala ya kudai programu za kulipia. Maabara zifunguliwe usiku, na kompyuta ziazimwe kama vitabu vya maktaba. Linalonikera zaidi ni mafunzo kazini yasiyo na malipo: anayefanya kibarua ili ale hawezi kuacha ujira wake kwa miezi kadhaa, kwa hiyo huhitimu bila uzoefu ambao waajiri huuulizia kwanza. Waajiri hao hao, wanaolalamikia uhaba wa wataalamu, wangeanza kwa kuwalipa wanagenzi wao walau nauli na chakula.

Msomaji wenu