Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mafanikio ya klabu umejionea mwenyewe kwenye kitalu cha miche, kwa hiyo tunaomba muda uliobaki tuutumie kwa changamoto moja tu: ukaidi wa kukana kwamba binadamu anasababisha viumbe kutoweka.

Mwaka 1857, kamati ya bunge la jimbo la Ohio, Marekani, ilijadili kama njiwa wahamaji walindwe kisheria. Walikuwa wengi kiasi cha kufunika jua wakipita. Kamati ikasema hawahitaji ulinzi, kwani wanazaana mno. Bunduki na nyavu zikaendelea, na makinda yakaangushwa viotani. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Wanakamati wale hawakuwa wajinga. Walitazama juu, wakaona wengi, wakaridhika.

Mkanushaji wa leo ana lugha nyingine. Atakwambia utafiti haujakamilika, au viumbe vilianza kutoweka kabla yetu. Ni kweli, lakini dinosaria hawakuuawa na uamuzi wa kikao.

Mheshimiwa, ushahidi ukisikilizwa mambo hubadilika. Kuanzia miaka ya 1990, tumbusi wa Asia Kusini walikufa kwa mamilioni. Nchini India, tumbusi wa mgongo mweupe walipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Chanzo kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Ng'ombe aliyetibiwa akifa, tumbusi hula mzoga wake, figo zikaharibika, naye akafa. Mizoga ikarundikana, mbwa koko wakaongezeka. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Meloksikamu, dawa mbadala isiyowadhuru tumbusi, ilikuwepo. Tumbusi bado ni wachache, na marufuku yenyewe imekuwa ikikiukwa, ila kasi ya vifo imepungua.

Tuna maombi mawili. Kila mradi utakaofika mezani kwako, uulize kwanza ni viumbe gani wanaoishi mahali hapo, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, liwe zuri au baya. Ombi la pili ni darubini. Tunahesabu ndege kwa macho matupu, na wale wa mbali tunabishana tu.

Tunaomba kuwasilisha.