Somo, usiwashe fataki kabla hujanisoma

Columbus, Ohio
14 Juni 2025

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi, na pole na uchovu wa kuhama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, dakika tisa nzima, nikiwa jikoni nakuna nazi. Vijana wameliona lile duka la fataki kando ya barabara kuu, na tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Unauliza kama tarehe 4 Julai mnaweza kuwasha hapo uani kwenu, kama mlivyozoea kule Indiana.

Hamwezi, somo. Nimeona nikuandikie, maana sauti huwa husikilizi mpaka mwisho, na jambo hili lina vichochoro.

Kwanza kisa cha shemeji yako. Mwaka 2019 aliwachukua watoto hadi duka la fataki nje ya mji. Wakajaza kigari: za kurusha juu, za kuzunguka, na nyingine nene kama mchi. Kufika kaunta akapewa karatasi aisaini. Unamjua, hasaini asichokisoma. Akasoma. Karatasi inamtaka aahidi kwamba fataki zile atazitoa nje ya jimbo la Ohio ndani ya saa 48. Akamuuliza kijana wa kaunta, "Sasa hizi nisafiri nazo?" Kijana akamjibu, saini tu mzee, wote wanasaini. Foleni nyuma yake ikacheka.

Na kweli wote walikuwa wakisaini, kisha usiku wa sikukuu mitaa yote inalipuka. Wenyeji wenyewe wakaipachika jina, sheria ya waongo. Kununua halali, kuwasha haramu, na katikati yake saini yako.

Shemeji yako akarudisha kigari. Akasema hawezi kufundisha Kurani Jumamosi akasaini uongo Jumapili. Wakaja nyumbani na pakiti mbili za vile vijiti vya kumetameta, ambavyo havikuhitaji ahadi ya mtu, na binti yangu hakusema naye siku tatu. Mimi, Mungu anisamehe, ningesaini.

Karatasi ile haipo tena. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, aliukataa mswada wa kwanza wa kuibadili sheria ile Julai 2021, akausaini mwingine Novemba mwaka huohuo, na sheria mpya ikaanza tarehe 1 Julai 2022. Sasa jimbo linakuruhusu kuwasha kwako, au kwa mtu aliyekuruhusu, kwa siku zilizotajwa tu: mkesha wa mwaka mpya na siku yenyewe, mwaka mpya wa Kichina, tarehe 5 Mei, Juneteenth (19 Juni), Diwali, wikendi za Memorial Day ya Mei na Labor Day ya Septemba, na tarehe 3 hadi 5 Julai pamoja na wikendi iliyotangulia na inayofuata. Idi haimo. Niliipitia orodha mara mbili nikidhani macho yangu. Mwenye fataki asiwe chini ya miaka 18, na asiwe amelewa. Hilo la pili mfikishie kaka yako kwa adabu.

Sasa kichochoro chenyewe. Sheria hiyohiyo imeuachia kila mji na kila taunishipu, yaani serikali ndogo za nje ya miji, uwezo wa kujitoa, na Columbus ilijitoa. Kwa hiyo duka linakuuzia kihalali kabisa, linakupa na risiti, linakuambia na miwani ya kukinga macho ipo. Ukifika nyumbani, kile ulichonunua huruhusiwi kukiwasha. Muuzaji hakukudanganya, ila naye hakukuuliza unaishi wapi. Hapo ndipo watu wetu wengi wanaponaswa: mtu anasoma habari kwamba "Ohio imeruhusu" na haendelei aya ya pili.

Usije ukategemea anwani ya barua pia. Huku kwetu kaskazini, kuna nyumba ambazo bahasha inaandikwa Columbus, kumbe ziko taunishipu nyingine, na jirani wa ng'ambo ya barabara ana kanuni tofauti na zako. Ingia tovuti ya mkaguzi wa kaunti ya Franklin, uandike anwani yako, utaona uko chini ya nani. Au piga 311 uwaulize wa jiji. Kwa pale ulipopanga sina shaka ni Columbus, lakini angalia mwenyewe. Na hata ungekuwa nje ya jiji, ua ule ni wa mwenye nyumba, si wako, kwa hiyo soma mkataba.

Utaniambia, mbona kila mtu anawasha? Wanawasha, ni kweli. Usiku ule hata hutasikia televisheni. Lakini somo, kwa sheria ya jimbo kosa hili, hata la kwanza, linaweza kufika kifungo cha miezi 6 na faini ya dola 1,000. Huenda hakimu asikupe hata robo yake, ila wewe unasubiri kuomba uraia. Fomu ile inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Jirani yako aliyezaliwa hapa akiandikiwa, analipa na kusahau. Wewe utakaa mbele ya ofisa ukieleza habari ya baruti. Neno lenyewe tu, mbele ya ofisa wa uhamiaji!

Vijiti vya kumetameta mnaweza. Lakini usimpe yule mdogo akimbie navyo, maana vinawaka kwa joto la karibu nyuzi 2,000 za Fahrenheit, na mafuta yako ya maandazi hayafiki hata 400. Weka ndoo ya maji, na kila kilichozima kitumbukizwe. Nasema hivi nikikumbuka Ngamiani kwetu Tanga, tulipokwangua viberiti pakiti nzima tukashindilia unga kwenye spoku ya baiskeli. Nyusi zako zilichukua muda gani kuota? Mama alikufunga kanga usoni ukaenda madrasa hivyohivyo. Na kila Desemba polisi walikuwa wakitangaza marufuku ya kupiga fataki na kuchoma matairi, nasi tukisikia tangazo ndipo tunajua msimu umefika.

Kuna jambo jingine, hili si la sheria. Chini yetu anakaa mama mmoja wa Kivu, kule Kongo kwenye vita. Mwaka wa kwanza hapa, usiku wa tarehe 4, alijifungia bafuni na wajukuu, taa zimezimwa, mpaka asubuhi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni fataki, si bunduki. Siku hizi wiki moja kabla napita kumkumbusha, na usiku wenyewe anakuja kwetu, tunafungulia kaswida kwa sauti kubwa. Hapo kwenu pia wapo watu wa kutoka Kongo, ulizia nani yupo.

Vijana usiwaambie hapana tupu. Tarehe 3 Julai huwa kuna fataki za jiji katikati ya mji, karibu na mto Scioto, wanaziita Red, White & Boom. Ni za mafundi wenye leseni, hutalipa wala hutasaini chochote. Tukienda na gari moja tutaokoa pesa ya maegesho, ila tutoke mapema, saa kumi jioni, la sivyo tutaegesha mbali kama tunakwenda Muheza kwa miguu. Mimi nitaleta mkeka na chai ya tangawizi. Wewe lete kachori, zile za viazi, na ukwaju usiutie sukari.

Shemeji yako anakusalimu. Anauliza kama huko Indiana nao walikuwa wanawasainisha.

Somo yako