Losheni ya vimeng'enya haichubui, na bei yake ina sababu

Haupiti muda bila mteja kuturudishia losheni ya vimeng'enya akidai tumempiga. Juzi dada mmoja kaja amefura: "Nimepaka mwezi mzima, weupe wenyewe siuoni!" Kufungua chupa, tunakuta kashaikoroga na krimu ya kuchubua na kitu chenye harufu ya siki. Mkorogo, kwa losheni ya bei ile!

Jamani, hii haing'arishi ngozi. Kazi yake iko ndani ya seli. Mionzi ya urujuanimno ya jua ikipiga ngozi, huzigandanisha herufi mbili jirani za DNA (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), na kasoro hiyo isiporekebishwa inaweza kuzaa saratani. Mwili una mafundi wake wa kurekebisha, ndio vimeng'enya, ila jua likizidi huelemewa. Losheni inawapelekea wenzao, wakiwa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta viitwavyo liposomu. Ukikoroga na asidi au sabuni, vifuko vinapasuka, unabaki na mafuta ya kawaida kwa bei ya kuumiza.

Halafu someni chupa. Yenye kimeng'enya cha fotolaizi hutumia nguvu ya mwanga, kwa hiyo ukijipaka ukazima taa umelala nayo bure. Yenye kimeng'enya cha T4, ambacho asili yake ni virusi vinavyoshambulia bakteria, haihitaji mwanga: hukata DNA pale palipoharibika, seli ikamalizia yenyewe. Hiyo ndiyo ya jioni.

Si maneno ya dukani tu. Mwaka 2001 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la wagonjwa 30 wa zerodema pigmentosa, ugonjwa wa kurithi ambao seli hushindwa kurekebisha madhara ya jua. Waliopaka T4 mwaka mzima walipata vidonda vipya vya awali vya saratani pungufu kwa asilimia 68 kuliko waliopaka losheni tupu. Ni wagonjwa wale, lakini. Hatumwahidi kila mtu hivyo.

Kinachotuchosha zaidi ni ile hesabu ya "hii inarekebisha, basi sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya nini?" Kijana mmoja mwenye ualbino, anauza vocha juani, aliacha kofia na sanskrini apate hela ya chupa yetu. Alirudi na malengelenge shingo nzima, na hela ya hospitali ikapita ya losheni. Tulimwambia arudi kwanza kwenye Kilisun, ile sanskrini inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya wenye ualbino, na kofia pana. Ya kwetu ingesubiri. Na mwenye kidonda kisichopona asije kwetu, aende kliniki ya ngozi.

Bei? Vimeng'enya ni protini, joto huviharibu. Tunaagiza kidogo kidogo, vinakaa kwenye friji, na umeme ukikatika jenereta inanguruma kwa mafuta yetu. Anayekuuzia nusu bei kwenye meza ya barabarani saa saba mchana, muulize chupa imelala wapi.

Chupa iliyofunguliwa haturudishi hela. Iliyokorogwa hata tusijadiliane.