Vikosi vya ligi ya fantasi visipimwe kwa pointi pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna sisi wapenzi wa mpira wa kikapu hapa Kigoma tunavyopima vikosi vyetu baada ya kugawana wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa zamu katika ligi ya fantasi, yaani mchezo wa kuunda vikosi vya kufikirika vinavyoshindana kwa takwimu za wachezaji halisi. Kikosi kinachosifiwa kila mara ni kile chenye wafungaji wengi, ilhali mashindano yetu huhesabu vipengele tisa, vikiwamo ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa), bloku (mitupo inayozuiwa), asilimia ya mitupo huru na hata mipira inayopotezwa. Ndiyo maana mimi humtanguliza Nikola Jokić, ambaye msimu wa 2024/25 alikuwa na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti (pasi za kufungisha) 10.2 kwa mechi; senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, anayekupa asisti nyingi kiasi hicho hukuachia uhuru wa kutafuta mengine katika zamu zinazofuata.

Linalonisikitisha zaidi ni kutojali idadi ya mechi. Msimu huohuo Victor Wembanyama wa San Antonio Spurs alikuwa na wastani wa bloku 3.8, lakini alicheza mechi 46 tu kati ya 82 kwa sababu ya damu kuganda begani, na mwenzetu aliyemtegemea bila kuweka mbadala wa maana alishuka wiki baada ya wiki.

Naomba kabla ya msimu kuanza mwezi Oktoba, makundi yetu yakubaliane kupima kila kikosi kwa vipengele vyote tisa, pamoja na wachezaji wa akiba.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma