Yah: Mkanda wa injini uliopakwa sabuni ya mche na kulipishwa kama mpya

Kwa Meneja,
Idara ya Matengenezo, Tawi la Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE. Namba yake na jina langu mnavyo kwenye kadi ya kazi. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe na mtu anayeijua injini.

Gari lililetwa kwenu likilia mkanda: mlio mkali na mrefu asubuhi injini ikiwa ya baridi, na tena kila AC inapowashwa. Mlio huo si sawa na ule wa chi-chi-chi unaokwenda na mzunguko wa injini. Ule wa kukatikakatika kwa kawaida ni puli, gurudumu linalopitiwa na mkanda, iliyokaa upande. Huu mrefu, unaokuja mzigo unapoongezeka, ni mkanda unaoteleza: umelegea, umezeeka, au umelowa kitu. Kuitenganisha milio hiyo miwili hakuhitaji mashine. Unanyunyiza maji kidogo upande wa mbavu, yaani ile mistari ya ndani ya mkanda, huku injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta. Mlio ukikata kisha ukarudi, kagua mstari wa puli. Ukizidi, mkanda unateleza. Fundi wenu hakunyunyiza hata tone.

Nililetewa taarifa kwamba mkanda mpya umefungwa, ankara Sh 95,000. Injini ikawashwa mbele yangu, ikalia vilevile. Fomeni akasema mkanda mpya huwa hivyo, utazoea. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakigusisha kwenye mkanda unaozunguka mpaka kelele ikanyamaza, akafunga boneti. Nikaomba mkanda wa zamani. Akanijibu, wateja wengine wakisikia: “Mama, wa zamani unautaka wa nini, ukafungie kuni?” Mafundi wakacheka.

Kelele ilirudi kabla sijafika Ubungo.

Sasa niwaeleze kilichomo ndani ya gari hilo, maana kwenye kadi yenu hakimo. Mkanda mpya wa mbavu una maandishi yanayosomeka mgongoni: idadi ya mbavu, herufi PK, kisha urefu kwa milimita. Huu uliomo umefutika kabisa. Mbavu zinang'aa, zina nyufa zilizofuatana, na katikati ya mifereji kuna utando mweupe wa sabuni iliyokauka. Huo ndio mkanda mpya niliolipia.

Na mkanda wenyewe si chanzo. Chini ya pampu ya maji, pale kwenye kitundu chake cha kuvujia, kuna doa jekundu la kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, kulanti itokee hapo ionekane, isiingie kwenye beringi. Kulanti ina utelezi, na kwenye gari hili imerukia mkanda. Ukiufungua mkanda na kuishika puli ya pampu kwa vidole, inacheza. Yeyote aliyeutoa mkanda ule kweli angeliona hilo, kwa sababu kila puli huzungushwa kwa mkono mkanda ukiwa nje: ya alteneta inayochaji betri, ya kompresa ya AC, ya pampu. Inayokwaruza au kucheza ndiyo mgonjwa. Kwa hiyo mkanda haukutolewa.

Mnajua hatari yake. Injini hii inatumia cheni ya taimingi, na pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo wa nje. Ukikatika, alteneta haichaji na maji hayazunguki. Bloku na silinda hedi ni aluminiamu. Dereva akiendelea kuendesha injini ikichemka, hedi inapinda na gasketi inaungua. Sabuni inanyamazisha dalili kwa dakika chache, kisha inashika vumbi na kuzidisha utelezi. Halafu mwenye gari anaamini amepona. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko fedha.

Narudi kwenye sabuni, kwa sababu sitaki ipite kama jambo dogo. Mtu mwenye cheo cha fomeni aliingiza mkono penye mkanda unaozunguka, injini inawaka, kijana wa mafunzo amesimama pembeni anajifunza kwake. Kelele ilipokata akanigeukia na kutabasamu. Nilipouliza mkanda wa zamani, jambo ambalo mhudumu wenu wa mapokezi aliniahidi asubuhi ileile kabla hata sijakabidhi ufunguo, jibu likawa kuni. “Ukafungie kuni.” Kisha akamwambia mtu wa kaunta amhudumie anayefuata, nami bado nimesimama na ankara mkononi. Nilipewa risiti iliyoandikwa kwa kalamu. Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sijapewa mpaka leo.

Nilikusudia kudai mambo mawili ndani ya siku saba: Sh 95,000 zirudishwe, na kazi ifanywe upya mbele yangu. Yaani pampu mpya na gasketi yake, kulanti mpya na hewa itolewe kwenye mfumo, mifereji ya puli isafishwe, mkanda mpya wa namba sahihi ufungwe. Alteneta ivutwe mpaka mkanda ukibonyezwa kwa nguvu ya dole gumba katikati ya sehemu ndefu uingie karibu sentimita moja, injini iwashwe kidogo, ukazo upimwe tena. Usikazwe kupita kiasi, maana beringi za alteneta na za pampu hiyo mpya ndizo zitakazolipa.

Lakini kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi. Pampu na mkanda nitanunua mwenyewe, gari litafungwa na fundi mwingine, na gharama yote mtailipa ninyi juu ya hizo Sh 95,000. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na fomeni huyo na kugongwa muhuri wenu. Siku saba nazifuta. Nasubiri mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

Ikipita hapo, picha za mkanda, za doa la pampu na za ankara zitakwenda Tume ya Ushindani kama malalamiko ya mlaji, na ile risiti ya kalamu itakwenda Mamlaka ya Mapato, TRA.

Wenu mteja,
(jina na sahihi kama ilivyo kwenye kadi ya kazi)

Nakala: Mkurugenzi Mkuu wa kampuni